Jinsi ya kupanga kitomeo cha kamusi, kuanzia kidahizo hadi marejeo

Anayefungua kamusi huwa ana haraka. Amekwama kwenye sentensi, anataka neno moja, akishalipata anarudi kwenye shughuli yake. Hakuna anayeisoma kamusi ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa sisi wachache wenye ugonjwa huo. Kila uamuzi unaoufanya unapopanga kitomeo upime kwa mtu huyo mwenye haraka: je, atafika, na akifika atajua amefika?

Mwongozo huu unamlenga mtu anayeandaa kamusi ndogo, iwe ya lugha yake ya kwanza, ya istilahi za fani fulani au faharasa ya darasani. Mifano nimeichukua kwenye Kiswahili. Kabla ya yote, tutenganishe istilahi mbili zinazochanganywa sana. Kidahizo ni neno linalotafutwa, lile linalochapwa kwa herufi nzito mwanzoni. Kitomeo ni kidahizo hicho pamoja na maelezo yake yote: sarufi, fasili, mifano, nahau na marejeo.

## 1. Amua neno litakaa wapi

Mpangilio wa alfabeti tumeuzoea mno hadi tunadhani hauna mbadala. Mbadala zipo. Al-Khalil bin Ahmad, aliyeishi karne ya 8, aliipanga kamusi yake ya Kiarabu kwa kufuata mahali sauti zinapotamkiwa. Alianza na herufi ain kwa kuwa hutoka ndani kabisa ya koo, na ndiyo maana kazi hiyo ikaitwa Kitab al-Ayn. Ibn Manzur, aliyeikamilisha Lisan al-Arab mwaka 1290, alipanga mizizi ya maneno kwa herufi ya mwisho, utaratibu unaomfaa sana mtu anayetafuta vina. Karibu nasi zaidi, kamusi ya Kizulu ya Doke na Vilakazi ya mwaka 1948 imepanga maneno kwa mashina: umuntu unalitafuta chini ya -ntu.

Kamusi za Kiswahili zimeshika njia ya katikati. Nomino huorodheshwa kwa umoja wake pamoja na kiambishi cha ngeli, kwa hiyo mtoto yuko M na kitabu yuko K. Vitenzi na vivumishi huvuliwa viambishi: cheza iko C wala si kucheza kwenye K, na -zuri iko Z, ikiwa na kistari mbele kuonyesha kwamba haisimami peke yake. Utaratibu huu una gharama. Sehemu za K, M na U hufura, na ukoo mmoja wa maneno hutawanyika: pika yuko P, mpishi na mapishi wako M, upishi yuko U. Ila mtu asiyejua uchambuzi wa mashina anafika anakokwenda, na kwa maoni yangu hilo linalipa gharama yote. Mpangilio wa mashina uwe wa lugha ambayo wasomaji wake wameshaufundishwa shuleni.

Ukishachagua, shughulikia maneno yanayokataa kanuni yako, maana hayo ndiyo msomaji atakayoyakosa.

Zipo nomino zisizo na umoja unaotumika: maji, maziwa, mate. Hizo ziingize zilivyo, kwenye M. Zipo nomino ambazo wingi wake hubadilisha sura ya mwanzo wa neno. Mgeni wa lugha akikutana na ndimi hawezi kubahatisha kwamba aende kwenye ulimi, wala nyuso impeleke kwenye uso, wala meno kwenye jino. Maumbo hayo yape mstari mmoja wa rejea, "ndimi: tazama ulimi", basi. Vitabu na watoto hawahitaji msaada huo, kanuni ya kawaida inawatosha. Vitenzi vya silabi moja nenda navyo vivyo hivyo. Kidahizo ni la, fa, nywa, lakini wengi watatafuta kula, kufa, kunywa, na ni ukatili kuwaacha wakodolee ukurasa mtupu.

Suala la mwisho hapa ni herufi zenyewe. Je, ch, dh, gh, ny, sh na th ni herufi moja moja zenye sehemu zake, au zipangwe kwa herufi mbili zinazozijenga? Zikipangwa kwa herufi mbili, dhahabu itakaa kati ya deni na dini. Zikipewa sehemu zake, itasubiri maneno yote ya D yaishe. Mimi huchagua herufi mbili, kwa kuwa mtu aliyezoea orodha yoyote ya kialfabeti hahitaji kufundishwa upya. Ng' inahitaji kanuni yake: usiihesabu ritifaa (ile alama ya ') katika kupanga, na maneno mawili yakilingana, lisilo na ritifaa litangulie. Hivyo ngoa, yaani wivu au tamaa, itakuja kabla ya ng'oa. Kanuni hizi ziandike kwenye utangulizi wa kamusi hata kama unaona ziko wazi.

## 2. Tenga homonimu kabla ya kuandika fasili hata moja

Neno kaa linatosha kuonyesha kazi yote. Kuna kaa wa pwani, kuna kaa la moto, na kuna kitenzi kaa. Maumbo matatu yanaandikwa sawa na kutamkwa sawa, lakini hayana undugu wa maana. Hizo ni homonimu, na kila moja hupata kitomeo chake chenye namba ndogo ya juu: kaa¹, kaa², kaa³. Kwa upande mwingine, kitenzi kaa kina maana kadhaa zinazotokana: kuketi, kuishi mahali, kudumu bila kuharibika, kumlingana mvaaji. Hiyo ni polisemia. Maana zake hubaki ndani ya kitomeo kimoja, zikipewa namba za kawaida.

Vipimo vinne husaidia kuamua: aina ya neno, upatanisho wa kisarufi, umbo la wingi, na historia. Vikikubaliana huna kazi. Tabu huanza vinapogombana. Chukua kiboko. Mnyama ni kiboko, na mjeledi ni kiboko kwa sababu ulitengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. Kihistoria ni neno moja, na wingi wa yote mawili ni viboko. Lakini tunasema "viboko wanaogelea" na "viboko vimekatika". Mwanahistoria wa lugha atakuambia uandike kitomeo kimoja chenye maana mbili. Mimi ningeandika viwili, kwa kuwa anayefungua kamusi anataka aandike sentensi iliyo sahihi, na mabano ya upatanisho yakichanganywa katikati ya kitomeo kimoja atayaruka. Asili ya pamoja itajwe kwa rejea fupi mwishoni.

Namba za homonimu zikishawekwa zishikilie. Popote kwingine kwenye kamusi unapomrejesha msomaji kwenye neno hilo, andika namba. "Tazama kaa" inampeleka mlango wa nyumba tatu.

## 3. Mstari wa sarufi

Baada ya kidahizo huja taarifa za kisarufi, kwa vifupisho na kwa mpangilio usiobadilika. Kwa nomino: aina ya neno (nm), kiambishi au umbo kamili la wingi, kisha upatanisho ndani ya mabano ya mraba. Upatanisho ukionyeshwa kwa viambishi kama [li-/ya-] au [ki-/vi-], badala ya namba za ngeli, hata asiyezisomea ngeli atajua aandike "limevunjika" au "kimevunjika".

Kwa kitenzi (kt), onyesha kama ni elekezi (ele), yaani kinachohitaji yambwa (mtu au kitu kinachotendewa), au sielekezi (sie). Kisha ije minyambuliko. Hapo Kiswahili kinadai umakini, kwa kuwa baadhi ya vitenzi huficha konsonanti inayojitokeza kwenye mnyambuliko tu: kaa hutoa kalia, toa hutoa tolea, nunua hutoa nunulia. Ile l ilimezwa kati ya irabu kwenye umbo la msingi ikabaki kwenye mnyambuliko. Anayejifunza lugha hataibahatisha, kwa hiyo minyambuliko ya vitenzi hivi iandike kwa ukamilifu. Kwa vitenzi kama pika, ambavyo mwenendo wake hauna kona, maumbo mawili matatu yanatosha.

Ni mnyambuliko gani unastahili kuwa kidahizo? Jiulize kama mtu anayejua kitenzi cha msingi na kazi ya kiambishi angeweza kuikisia maana. Pikia anaikisia. Endesha, yaani kuongoza chombo, hatoki nayo kwenye enda kirahisi. Patana ina mambo ambayo pata haina. Andikisha si kumfanya mtu aandike tu, ni kusajili. Hayo yape vitomeo vyake.

Matamshi tutayapita haraka. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kuuweka kwenye kila kidahizo ni kupoteza wino. Uweke panapobadilisha jambo tu, kama barabara ya magari (mkazo kwenye ba ya pili, barabára) na barabara yenye maana ya sawasawa (barábara).

## 4. Andika fasili

Hapa ndipo muda mwingi utaishia, na ndipo kamusi nyingi ndogo huharibikia.

Fasili ya kawaida ina sehemu mbili: kundi ambamo kitu kimo, na sifa zinazokitenga na wenzake kundini. Nyundo ni kifaa. Hilo ni kundi. Ukiandika "kifaa cha fundi" umeshaingiza msumeno, randa na patasi. Ongeza kinachoitenga: "kifaa cha mkono chenye mpini na kichwa kizito, kitumiwacho kugongomea misumari". Sifa zikitosha, simama. Historia ya nyundo na aina zake zote ni za ensaiklopidia.

Fasili ilingane na aina ya neno lake. Nomino ifasiliwe kwa kirai cha nomino, kitenzi kwa kitenzi. "Uvivu: mtu asiyependa kazi" ni fasili ya mvivu iliyopotea njia. "Harusi: ni pale watu wanapooana" nayo haifai, kwa kuwa harusi si "pale". Namna nzuri ya kupima ni kuchukua sentensi halisi, kuondoa kidahizo na kupachika fasili mahali pake. Sentensi ikivunjika kisarufi, irudie.

Ugonjwa mkubwa kuliko yote ni mzunguko. Huzuni inafasiliwa kuwa majonzi, majonzi yanafasiliwa kuwa simanzi, simanzi inakurudisha kwenye huzuni. Msomaji amefungua kurasa tatu na hajui chochote. Katika kila kundi la visawe teua neno moja, kwa kawaida linalofahamika zaidi, ulipe fasili kamili: "hali ya kuumia moyoni kwa sababu ya kupoteza kitu, kufiwa au kukosa kilichotarajiwa". Visawe vingine virejee kwake, na vikiwa na tofauti ya uzito au mazingira iseme papo hapo.

Tumia pia maneno mepesi kuliko kidahizo. Kamusi ya Longman ya wanaojifunza Kiingereza, ya mwaka 1978, ilijifunga kufasili kwa msamiati wa maneno yapatayo 2000, na tangu hapo kamusi nyingi za wanafunzi zimefuata. Huna lazima ya kuhesabu, ila shika wazo. Katika fasili ya kaa wa pwani, mtu wa mwambao atashawishika kuandika gando. Neno ni zuri, lakini gando lenyewe litafasiliwa kwa kumtaja kaa. Andika "mikono miwili ya kubania", na gando lisubiri kitomeo chake.

Maana zikiwa nyingi, zipange kwa kanuni moja. Oxford English Dictionary, iliyokamilika mwaka 1928, hutanguliza maana kongwe, kwa sababu lengo lake ni historia ya kila neno. Kamusi za wanafunzi hutanguliza maana inayotumika zaidi. Kwa kamusi ndogo fuata hii ya pili bila kusita. Na usikate maana vipande vipande kupita kiasi. "Kaa kwenye kiti" na "kaa mkekani" si maana mbili, ni mahali pawili.

## 5. Weka mfano unaofanya kazi

"Huyu ni kaa" si mfano. Sentensi hiyo ingeweza kubeba neno lolote lenye uhai. Mfano mzuri hufanya mambo mawili kwa mpigo: unaonyesha upatanisho ulioutaja kwenye mabano, na unaliweka neno kwenye mazingira yake ya kawaida. Tazama vitomeo vitatu vikiwa vimekamilika:

kaa¹ nm [a-/wa-] mnyama wa majini au ufukweni mwenye gamba gumu, miguu minane na mikono miwili ya kubania, atembeaye kwa ubavu: *Kaa alijificha chini ya jiwe maji yalipokupwa.*

kaa² nm ma- [li-/ya-] kipande cha mti kilichoungua kikawa cheusi au kinachowaka bila ndimi za moto: *Kaa moja liliangukia mkekani likautoboa.*

kaa³ kt [sie] 1 tua makalio juu ya kitu ili kupumzisha miguu. Keti: *Wageni walikaa mkekani.* 2 ishi mahali: *Anakaa kwa shangazi yake.* 3 (kwa kitu) dumu bila kuharibika: *Maziwa hayakai yasipochemshwa.* 4 (kwa nguo) lingana na mwili wa mvaaji: *Koti limemkaa vizuri.* • kalia, kalika, kalisha. ◊ ~ chonjo kuwa tayari kwa lolote.

Kwenye kaa² kuna tatizo dogo ambalo halionekani mara moja. Neno hili husikika zaidi kwa wingi, na makaa ya mawe hayana umoja kabisa katika matumizi ya kawaida. Kidahizo kibaki kaa kwa kufuata kanuni, lakini weka rejea kwenye makaa, na makaa ya mawe yape kitomeo chake.

Mifano ichukue kutoka kwenye lugha inayotumika: magazeti, maongezi uliyorekodi kwa ridhaa, barua, mkusanyo wowote wa matini ulio nao. Kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987 ilijengwa juu ya mkusanyo mkubwa wa matini kwenye kompyuta, na ilithubutu hata kuandika fasili zake kwa sentensi kamili. Wewe unaweza kufupisha sentensi uliyoipata, kuondoa majina ya watu na kukata vishazi visivyohusika. Sentensi ya kujitungia ukiwa mezani mara nyingi hutoka imenyooka kupita kiasi, kama iliyovalishwa suti.

## 6. Nahau, lebo na asili

Nahau huwekwa mwisho wa kitomeo, baada ya maana zote, ikitanguliwa na alama yake. Swali gumu ni chini ya neno lipi. Piga magoti iwe kwa piga au kwa goti? Elezea mahali pamoja, rejesha kutoka pengine. Mimi huelezea kwenye kitenzi, kwa sababu goti msomaji analijua na kinachomshangaza ni piga. Kwa kuwa piga ina misemo lukuki, panga misemo hiyo kialfabeti kwa neno linalofuata: piga magoti, piga pasi, piga picha, piga simu.

Lebo za matumizi (sh. kwa ushairi, kl. kwa neno la kale, mt. kwa lugha ya mtaani, tb. kwa tiba) hukaa kabla ya fasili inayohusika, ili msomaji aonywe kabla hajalichukua neno kulitia kwenye barua rasmi. Tusi pia lina haki ya kuwemo, mradi lebo iseme wazi kwamba ni tusi. Asili ya neno, mfano meza kutoka Kireno, ni nyongeza nzuri ukiwa na hakika nayo. Usipokuwa na hakika acha wazi; asili za kubuni huenea upesi kuliko zile za kweli.

## 7. Sura ya ukurasa

Kila aina ya taarifa iwe na sura moja. Kidahizo kwa herufi nzito, mfano kwa italiki, fasili kwa herufi za kawaida, upatanisho kwenye mabano ya mraba, maelezo ya mipaka ya matumizi kwenye mabano ya duara. Jicho likizoea, msomaji ataruka moja kwa moja hadi kwenye mfano bila kusoma kilichotangulia. Alama ya wimbi (~) husimama badala ya kidahizo ndani ya kitomeo. Ilizaliwa na ubahili wa karatasi, na kwenye simu haina kazi tena: andika neno zima. Juu ya kila ukurasa uliochapwa weka neno la kwanza na la mwisho la ukurasa huo.

## 8. Hifadhi kwenye jedwali, kisha kagua

Usiandike kamusi kama hati ndefu ya kawaida. Tumia jedwali, au programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kama FieldWorks ya SIL, shirika linaloshughulikia lugha, inayopatikana bure. Kwenye jedwali kila maana, si kila neno, ipate mstari wake, na kila aina ya taarifa safu yake: kidahizo, namba ya homonimu, aina, wingi, upatanisho, namba ya maana, lebo, fasili, mfano, rejea. Ongeza safu moja ambayo haitachapwa, ya ufunguo wa kupangia, ambamo -zuri imeandikwa zuri na ng'oa imeandikwa ngoa. Kompyuta nyingi hupanga kistari na ritifaa kwa akili zao wenyewe, na bila safu hiyo vivumishi vyako vyote vinaweza kujikuta juu kabisa ya orodha.

Ukaguzi una sehemu mbili zinazofanyika kwa mashine na moja isiyowezekana kwa mashine. Mashine ikuonyeshe kila rejea inayoelekeza kwenye kidahizo ambacho hakipo. Kisha ikuorodheshee maneno yote uliyotumia kwenye fasili, ulinganishe na vidahizo, uone yapi umeyatumia kuelezea bila kuyaeleza. Ya tatu ni kumpa mtu asiyehusika matini ya kawaida pamoja na kamusi yako, umwombe atafute maneno asiyoyajua huku wewe umenyamaza. Pale anapotafuta kwanza kabla hajafika panapohusika ndipo penye upungufu wa rejea. Zinakili sehemu hizo, uziongeze.

Orodha ya vifupisho iandike mwisho kabisa, ukishajua ulivyovitumia kweli, lakini ichape kwenye ukurasa wa kwanza.